Rimoti Iko kwa Nani?

Muulize kijana yeyote anayejua gemu ununue mashine gani, ya kushika mkononi au ya kuchomeka kwenye TV, naye atakujibu kwa hesabu. Atakutajia nguvu ya prosesa, ukubwa wa hifadhi, idadi ya picha kwa sekunde na bei ya pedi ya pili. Akimaliza hesabu atatoa hukumu: ya TV ndiyo gemu yenyewe, ya mkononi ni kichezeo cha kupotezea muda safarini. Hukumu hii nimeisikia hosteli, nimeisikia kwenye foleni ya benki, na nimeisikia kutoka kwa kaka yangu mkubwa, mtu ninayemheshimu kwa mengi isipokuwa hili.

Naipinga. Hesabu zao ni sahihi, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba wanaanza na swali la pili. Swali la kwanza ni hili: hiyo TV ni ya nani?

Nina sababu ya kuliuliza sasa. Nyumbani kwetu tunachanga. Kaka zangu wawili wamefungua kundi la WhatsApp, wakaliita "Mradi wa Sebule", na kila mtoto mwenye chochote mfukoni ametakiwa kutoa fungu lake ili inunuliwe PS5 "kwa ajili ya wadogo". Fungu langu limepangwa kuwa shilingi laki tatu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Laki tatu ni kodi yangu ya miezi miwili. Na wadogo wenyewe ni wawili: mmoja wa kiume, miaka 16, na mmoja wa kike, miaka 13. Ninajua tayari nani kati yao ataicheza.

Ninajua kwa sababu nililelewa katika sebule hiyo hiyo.

Tuitazame sebule ya kawaida ya Dar es Salaam. TV ni moja. Saa mbili usiku ni taarifa ya habari, na rimoti iko kwa baba. Baada ya taarifa ni tamthilia, na rimoti iko kwa mama, baba akiwa amechoka. Jumamosi na Jumapili jioni ni mpira. Katikati ya ratiba hiyo kuna mianya, na mianya hiyo ndiyo saa za gemu: alasiri baada ya shule, asubuhi ya Jumamosi. Sasa angalia binti wa nyumba hiyo yuko wapi saa hizo. Alasiri anaosha vyombo vya mchana na kuchambua mchele wa usiku. Asubuhi ya Jumamosi anafua sare. TV inapokuwa wazi, yeye hayuko wazi. Anapokuwa wazi yeye, TV ina mtu. Hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo, wala hakuna aliyemkataza kucheza. Ndiyo maana ni vigumu kulalamika: utamlalamikia nani?

Kwetu PS2 ilifika mwaka 2008, imeshatumika, ikiwa na pedi mbili. Neno hilo, pedi, kila nilipolitamka kaka zangu walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikaacha kulitamka. Ni jambo dogo. Lakini mtu asiyeweza kutaja jina la kifaa bila kuchekwa, ataanzaje kudai zamu yake?

Sheria yetu ilikuwa ile inayojulikana kila mtaa: aliyeshinda anabaki, aliyefungwa anatoka. Ukiitazama haraka ni sheria ya haki. Itazame tena. Anayeshinda ni anayefanya mazoezi, na anayefanya mazoezi ni yule asiyeitwa jikoni. Nilifungwa sita bila, nikatoka, nikaenda kuwasha mkaa. Wiki iliyofuata nilifungwa saba bila. Baada ya hapo nikawa mtazamaji, na hata mtazamaji nilitumwa maji ya kunywa.

Msiniambie hayo ni ya kwetu tu, kwamba ni mila na umaskini wa TV moja. Mwaka 1995 tawi la Nintendo nchini Marekani lilitangaza kwamba asilimia 46 ya wachezaji wa Game Boy, mashine yao ya mkononi, walikuwa wa kike. Kwa NES, mashine yao ya sebuleni, walikuwa asilimia 29. Kwa Super NES, mashine ya sebuleni iliyokuja baadaye ikiwa na nguvu zaidi na picha nzuri zaidi, walikuwa asilimia 14. Kampuni ni ile ile, nchi ni ile ile. Ulipotazama chombo kilichohitaji TV ya familia, wasichana walikuwa wachache. Ulipotazama chombo kisichomwomba mtu TV, walikaribia nusu. Na hicho chombo kiliitwa Game Boy, jina lililomtaja mvulana waziwazi.

Najua jibu litakalokuja: hiyo ilikuwa Tetris tu, gemu ya kupanga matofali ambayo kila mtu aliipenda, na huko Marekani iliuzwa pamoja na Game Boy ndani ya boksi moja. Haya. Lakini Tetris ilikuwepo kwenye NES pia, tangu mwaka huo huo wa 1989. Matofali yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mahali pa kukaa.

Wanaodharau mashine ya mkononi wanapaswa pia kusoma jinsi ilivyozaliwa. Aliyeongoza kazi hiyo pale Nintendo aliitwa Gunpei Yokoi. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia ndani ya treni, alipomwona mfanyakazi mmoja aliyechoka akibonyezabonyeza kikokotoo ili kuua muda. Kutoka hapo ikatoka Game & Watch, mwaka 1980, na mwaka 1989 ikatoka Game Boy. Yokoi alikuwa na falsafa yake: chukua teknolojia iliyokwisha kuzeeka, iliyo nafuu na inayojulikana vizuri, kisha itafutie matumizi mapya. Kwa hiyo Game Boy ilitoka na skrini isiyo na rangi wala taa. Wapinzani wake, Lynx ya Atari na Game Gear ya Sega, walikuwa na rangi na taa, na kwa hesabu za kijana wetu wa leo wangeshinda asubuhi na mapema. Walishindwa. Game Boy ilitumia betri nne ndogo na ikaendelea kwa zaidi ya saa kumi. Wenzake walitaka betri sita na wakazimaliza ndani ya saa chache. Game Boy na ndugu yake wa rangi, Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Yokoi hakuuliza picha itapendeza kiasi gani. Aliuliza mchezaji atakuwa wapi, amechoka kiasi gani, na betri ataitoa wapi. Hilo ndilo swali ninalolidai katika kundi letu la familia.

Mimi mashine ya mkononi niliipata mwaka 2011. Shangazi yangu, aliyekuwa akifanya kazi Oman, alirudi likizo na PSP iliyotumika, akanipa mbele ya watu wote na kusema ni yangu. Kaka zangu waliishika, wakaigeuza, wakasema skrini ndogo, mpira hauonekani, wakarudi kwenye TV. Dharau yao ndiyo iliyonilinda. Kama wangeipenda, nisingeiona tena.

Mwaka huo nchi ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme, na hapa ndipo ubishi wa nguvu za prosesa huwa kichekesho. Konsoli ya sebuleni yenye nguvu kuliko zote duniani, umeme ukikatika, ni sanduku. Kwetu ilikuwa mbaya zaidi: siku moja umeme ulikatika katikati ya mechi, ukarudi kwa kishindo, na PS2 ikatoa harufu ya kuungua. Fundi aliifufua, lakini kuanzia siku hiyo ilikuwa ikianza mechi na kuganda. PSP yangu iliyozeeka ilikaa na chaji saa tatu hivi. Niliichaji duka la jirani pamoja na simu ya mama, nikacheza gizani, watu wazima wakipiga soga barazani. Msiseme mgao ni habari ya zamani. Mwishoni mwa 2023 ulirudi, na tuliusindikiza hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipoanza kutoa umeme Februari 2024. Leo hali ni nafuu. Lakini anayenunua kifaa cha miaka saba anunue akikumbuka miaka saba iliyopita.

Na bado umeme si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni muda.

Muda wa msichana wa nyumbani hauji kwa saa nzima. Unakuja vipande vipande: dakika kumi maharage yakichemka, dakika saba maji yakijaa ndoo, robo saa mtoto wa jirani aliyeachwa kwenu akiwa amesinzia. Mashine ya sebuleni inataka uiwashe, uwashe TV, ubadilishe chaneli, ukae, na ukishakaa usiitwe. Mashine ya mkononi ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayeitwa. Kwenye PSP ilikuwa ni kusukuma swichi ya pembeni tu: skrini inazima, na gemu inalala pale pale ulipoiacha. Kwenye DS ya Nintendo ilikuwa rahisi zaidi, unafunga kifuniko kama daftari. Nilikuwa nikicheza Patapon, gemu ambayo unaongoza jeshi la vijitu vya jicho moja kwa kupiga ngoma, kila kitufe na ngoma yake. Nililipeleka jeshi lile vitani nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, na nikiitwa nililaza jeshi zima kwa kidole kimoja, nikaitika "abee", nikaenda. Nikirudi, jeshi lilikuwa pale pale.

Utaniambia PS5 nayo inalazwa. Kweli, inalazwa. Lakini ukiilaza ukaondoka, ukirudi unakuta mtu ameketi mahali pako, na anacheza gemu yake.

Sasa nije kwenye hoja wanayoiona wenyewe kuwa nzito kuliko zote: kwamba mashine ya TV inakutanisha watu, na ya mkononi inakutenga. Wenzangu wa rika langu hupenda kuisema hoja hii kwa kukumbuka banda la gemu la mtaani. Wanalikumbuka kwa huzuni tamu: TV tatu kwenye chumba cha mabati, joto, kelele, mechi moja shilingi mia mbili, mtoto wa fundi cherehani akimfunga mtoto wa daktari. Sibishi kwamba banda liliwapa furaha watoto ambao wazazi wao wasingeweza kununua hata pedi. Hilo ni jambo kubwa, na halina haja ya kupunguzwa.

Ila nami nililijua banda lile, na nililijua kutoka mlangoni. Nilitumwa kumwita kaka aje kula. Nilisimama kwenye kizingiti, jua mgongoni, ndani kukiwa na giza na vichwa vya wavulana ishirini, nikaita jina lake mara tatu kabla mtu hajageuka. Sikukatazwa kuingia. Ila aliyegeuka aliniuliza, "We dada unamtaka nani?" Miaka yote niliyotumwa pale, sikumwona msichana ameshika pedi. Kwa hiyo mtu akiniambia mashine ya TV inakutanisha watu, namwuliza: watu gani? Na chakula walichoitiwa alikipika nani wakati wao wanakutana?

Halafu si kweli kwamba mashine ya mkononi ni ya mpweke. Game Boy ilikuwa na kebo ya kuunganisha mashine mbili tangu mwanzo. Pokémon ilipotoka Japani mwaka 1996, ilitoka katika matoleo mawili, jekundu na la kijani, na kila toleo lilikosa baadhi ya viumbe vilivyokuwa kwenye jingine. Kuvikusanya vyote ulilazimika kumtafuta mtu mwingine, mkabadilishane. Yaani gemu yenyewe ilikutaka utoke nje ukafanye urafiki. Baadaye, Monster Hunter ilipovuma kwenye PSP huko huko Japani, wachezaji walikutana migahawani, kila mmoja na mashine yake, wakawinda wanne wanne bila TV hata moja. Tofauti ya mkutano huu na ule wa sebuleni ni kwamba hapa kila anayekuja anakuja na kiti chake. Hakuna anayeweza kumwambia atoke kwa kuwa amefungwa.

Wengine watasema basi mnunulie simu, nayo si iko mkononi? Hapana. Simu ni mlango wa kuitiwa. Namba yako iko kwa mama, kwa mama mkubwa, kwa kiongozi wa kwaya, kwa kundi la darasa. Gemu nyingi za bure za simu hukatizwa na matangazo, au hukuambia subiri saa nane, ama lipia uendelee sasa. Kidole chako kinaziba nusu ya skrini kwa sababu hakuna vitufe. Bando likiisha, baadhi hazifunguki kabisa. Mashine ya mkononi isiyo na laini ni kitu cha pekee katika maisha ya binti wa miaka 13: ni chombo ambacho hakuna anayeweza kumpigia.

Wako pia wanaoleta suluhu: nunua inayofanya yote mawili. Hapa nawaelewa, maana hata watengenezaji wenyewe wamekubali kimyakimya kwamba TV ina mgogoro wa umiliki. Mwaka 2012 Nintendo ilitoa Wii U, ambayo pedi yake ilikuwa na skrini ndani, ili mwenzako akitaka TV uendelee na gemu yako. Wazo zuri, utekelezaji nusu: ukitoka mbali kidogo na mashine, picha inakatika. Iliuzwa chini ya milioni 14. Mwaka 2017 wakatoa Switch, ambayo unaichomoa kwenye TV na kuondoka nayo, na imeuzwa zaidi ya milioni 150. Watu walikuwa wakisubiri kuondoka sebuleni.

Lakini jihadhari na za mkononi za uongo. Novemba 2023 Sony walitoa PlayStation Portal. Ukiiona dukani ni nzuri, ina skrini pana katikati na vishikio pande zote mbili. Ilipotoka haikuweza kuendesha gemu yoyote yenyewe. Ilivuta picha kwa Wi-Fi kutoka kwenye PS5 yako, ambayo ilikuwa lazima uwe nayo. Kwa maneno mengine ilikuwa mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti wa sebule: alitembea, lakini kamba ilijua mwisho wake. Umeme ulipokatika nyumbani, nayo ilikuwa imekwisha.

Na tafadhali, tuhesabu bei kwa ukamilifu. Marekani, PS5 yenye kuchezesha diski ilianza kwa dola 500 mwaka 2020. Switch Lite, ya mkononi tupu isiyoungana na TV kabisa, ilianza kwa dola 200 mwaka 2019. Bei za kwetu huongezewa usafiri, ushuru na tamaa ya muuzaji, lakini uwiano unabaki karibu huo huo. Juu ya ile ya kwanza weka TV inayoistahili, weka stabilaiza, weka umeme wa LUKU ambao baba atauulizia. Weka pia kitu ambacho hakina bei dukani: ruhusa. Kila unapotaka kucheza unaomba ruhusa upya, hata kama mashine ilinunuliwa kwa jina lako.

Nisiwe mchoyo wa haki. Kuna watu ambao ningewashauri wanunue ya sebuleni bila kusita. Mtu anayeishi peke yake na TV yake, anunue. Rimoti ni yake. Mwenye macho yanayochoka, au mikono inayouma kushika kitu kizito kwa saa nzima, anunue. Nyumba ambayo watoto wanabadilishana zamu za jikoni bila kujali nani amevaa sketi, inunue, na initumie mwaliko. Ukitaka kumfunga rafiki yako mkiwa bega kwa bega, mkisukumana kwenye kochi, hakuna skrini ya inchi tano na nusu itakayokupa raha hiyo. Na ya mkononi ina matatizo yake: betri huzeeka, vijiti huanza kwenda vyenyewe, na mafundi wengi niliowaona wanajua zaidi kufungua PlayStation kuliko Switch. Siuzi mashine. Ninachosema ni kwamba ushauri wa "ya TV ndiyo gemu yenyewe" ni ushauri wa mtu ambaye hajawahi kunyang'anywa rimoti, na anaugawa kama kwamba sote tumekaa kwenye kochi lake.

Kwa nini nilipigie kelele jambo la kuchezea? Wapo watakaoniuliza hivyo, na kwa kawaida ni wale wale wanaocheza saa nne kwa siku. Kwa mvulana gemu huitwa mapumziko. Kwa msichana huitwa uvivu. Kucheza ni kuwa na muda ambao hudaiwi matokeo yake. Ni kushindwa mara thelathini kwenye kitu kisichomhusu mtu, ukajaribu mara ya thelathini na moja. Kaka zangu waliupata mtaala huo kwa miaka kumi sebuleni kwetu, na mmoja wao leo anaunda programu za kompyuta na kumwambia kila anayeuliza kwamba alianza kwa kutaka kujua PS2 inavyofanya kazi. Sina shaka anasema kweli. Nauliza tu nani mwingine katika nyumba ile angetaka kujua, na alikuwa wapi PS2 ilipofunguliwa kwa bisibisi mezani.

Mdogo wetu wa kike anachora. Anachora viumbe vyenye mikia miwili na kuvipa majina na historia, kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya Jiografia. Hajawahi kusema anataka gemu. Kaka yangu alilitumia hilo kama ushahidi kundini: "Mbona yeye mwenyewe haombi?" Haombi kwa sababu ana akili. Ameshaiona sebule, ameshahesabu, na ameshajua zamu yake iko wapi.

Kwa hiyo kaka zangu, shikamooni. Najua mtaisoma hii, maana mtu ataitupa kundini kabla sijaamka. Sigomei familia, wala sisemi roho zenu ni mbaya. Ninyi ndio mlionilipia ada ya kidato cha tano na siwezi kulisahau. Ninaweka sharti moja. Mashine ikinunuliwa, ibandikwe ratiba ukutani kando ya TV, yenye saa na majina. Jumamosi saa nne asubuhi hadi saa sita liwepo jina la binti, yeye na pedi yake, na mtu akimwita jikoni saa hiyo aitike mwingine. Kwenye saa hiyo hiyo, upande wa pili wa karatasi, penye vyombo na sare za kufua, liandikwe jina la mdogo wetu wa kiume. Baba atie sahihi chini, kwa sababu rimoti ni yake.

Nitumieni picha ya ratiba hiyo, na laki tatu zangu zitaingia kabla jua halijazama. Mkiona hilo ni kubwa mno kwa jambo dogo kama gemu, basi mtakuwa mmenijibu swali la nani atacheza.

Wakati nasubiri, nimeongea na muuzaji mmoja Kariakoo. Ana Switch Lite iliyotumika, ya njano, ina mkwaruzo kwenye kona, na anaitoa na katriji mbili. Laki tatu hazitoshi, nitaongezea kidogo kidogo. Nimechagua yenye katriji makusudi, ili binti akimaliza gemu amwazime rafiki yake, naye aazimwe nyingine. Nimemwomba muuzaji aniwekee mpaka mwisho wa mwezi.